Kutoka Dodoma hadi ufukwe wa Ushongo kwa gari la kulala

Mtu aliyekulia Dodoma analijua vumbi, anaijua barabara ndefu, na anajua jinsi korongo kavu linavyoshusha maji ghafla mvua ikinyesha mbali. Bahari ni habari nyingine. Hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kila siku kwa saa tofauti na jana, na ndiyo inayoamua uvuke kivuko saa ngapi, gari lilale wapi na ufukweni utembee lini. Wengi safari ya pwani huwaharibikia wakati wamepanga kila kitu sawasawa isipokuwa hilo moja. Kwa hiyo tunaanza na maji, ndipo tuje kwenye gari na njia.

Safari ni ya siku tano: Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga, Pangani, kivuko cha Mto Pangani, kisha Ushongo na kurudi. Kwenda peke yake ni takribani kilomita 660. Gari ni Toyota Hiace ya kawaida iliyotolewa viti vya nyuma ikawekwa kitanda. Noah inafaa kwa watu wawili. Coaster ni starehe zaidi, lakini ina uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu, kwa hiyo itakubidi upite kila mizani njiani, na mchangani ni mzigo mzito wa kuutoa.

1. Chagua tarehe kwa kuutazama mwezi

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini katika pwani yetu hukaribia mita nne. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Kanuni ya pwani ya Tanga ni rahisi kukariri. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: kujaa ni saa 4, kupwa ni saa 10. Jedwali la maji kwenye simu litakupa dakika kamili, lakini hesabu hii ya kichwani itakuokoa simu ikizima.

Siku nzuri ya kuondoka Dodoma ni kesho yake baada ya mwezi mpevu. Sababu ni hii. Maji hufikia kilele chake siku moja au mbili baada ya mwezi kujaa, kisha hupungua kila siku. Ukifika ufukweni siku ya pili ya safari, alama ya juu kabisa ya maji tayari imechorwa mchangani, na usiku unaofuata maji hayataifikia tena. Anayefika siku mbili kabla ya bamvua anaona ufukwe mpana, anaegesha kwa raha, na usiku wa tatu anaamshwa na mawimbi kwenye matairi.

Kisha tazama mvua. Sisi huku Dodoma tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Pwani ina miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hapo ndipo Wanadodoma wengi hukosea. Novemba huku ardhi inapasuka kwa ukame na watu wanapanga likizo, kumbe Tanga tayari ni tope. Miezi salama ni Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, usiku ni mzuri kulala ila bahari huchafuka na boti ndogo hurushwarushwa. Januari ni kaskazi, bahari tulivu zaidi lakini joto ni kali.

2. Kitanda, maji, umeme na moto

Acha safu moja ya viti vya abiria yenye mikanda, toa zilizobaki. Hakuna mtu anayesafiri amelala kitandani. Kila abiria awe na kiti chake na mkanda wake.

Fremu ya kitanda tumia mbao za inchi 2 kwa 2, juu yake plaiwudi ya milimita 18. Ile ya milimita 12 ni nafuu, lakini katikati itabonyea usiku wa kwanza. Kabla fundi hajakata chochote, simamisha dumu la lita 20 sakafuni upime hadi kwenye mfuniko, kisha ongeza sentimita 3: hicho ndicho kimo cha kitanda. Wengi hujenga kwanza, halafu madumu hayaingii chini. Funga fremu kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyoshika viti, usitoboe mapya. Kitanda chenye madumu matatu chini yake ni zaidi ya kilo 100, na ukikanyaga breki ghafla kisichofungwa kitakuja mbele chote.

Jambo moja ambalo fundi wa Dodoma hatalifikiria, kwa kuwa huku hewa ni kavu: toboa plaiwudi matundu ya milimita 25, kila baada ya sentimita 15, uso mzima. Pwani godoro hunyonya unyevu wa hewa na jasho, na lisipopumua upande wa chini litaota ukungu ndani ya siku tatu. Godoro la inchi 4 linatosha.

Maji hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, na lita 10 za kuoga. Watu wanne kwa siku tatu wanafika lita 180, nazo ni kilo 180, usizibebe zote. Beba madumu matatu, lita 60 za kunywa na kupikia, ujaze tena Tanga na Pangani, na maji ya kuoga yapate hukohuko. Madumu yakae katikati ya gari, karibu na safu ya viti. Yakikaa nyuma kabisa huinua pua ya gari, na taa zako usiku zitamulika miti.

Umeme hauhitaji mambo makubwa. Taa ya wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 25. Simu nne ni kama 60. Feni ndogo ya volti 12, wati 15, ikizunguka saa 8 ni 120. Jumla wati-saa 205 kwa usiku. Betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu kama ni ya risasi na asidi, kwa hiyo una 600 za kutumia: usiku karibu tatu hata jua lisipotoka. Paneli ya wati 100 juu ya paa itarudisha kilichotumika. Fyuzi ya ampia 30 iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, isizidi sentimita 20. Waya ukichubuka kabla ya fyuzi, hakuna kitakachouzima moto. Ncha za betri zipake grisi kabla ya safari. Hewa ya chumvi huzifunika unga wa kijani haraka.

Friji achana nayo. Deli la barafu linatosha: gandisha chupa sita za maji za lita moja na nusu nyumbani, zipange chini, na zikiyeyuka mnayanywa.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha siku tano. Pikia nje kila mara. Kabla ya safari paka povu zito la sabuni kwenye maungio na koki, fungua gesi, tazama kwa dakika nzima. Kipovu kimoja kinachokua taratibu kinaonyesha panapovuja. Kaza, paka tena. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likionekana limezimika. Makaa yenye majivu meupe bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Madirishani weka wavu wa mbu ulioshonewa sumaku ndogo pembeni ili ushike bati. Usiku acha vioo viwili vya pande tofauti wazi vidole vitatu. Gari lililofungwa lenye watu wanne huko pwani halilaliki, na asubuhi dari linadondosha maji.

Vifaa vya dharura: koleo, viroba sita vitupu vya mahindi, mbao mbili nene za sentimita 60 kwa 25, kamba ya kuvutia, geji ya upepo, pampu ya volti 12, jeki, tairi la akiba lililojazwa, kizimamoto na pembetatu mbili. Viroba na mbao vitaelezwa mbele.

3. Siku ya kwanza: barabara

Ondoka saa 11 alfajiri. Hadi Morogoro ni kama kilomita 260, Morogoro hadi Chalinze kama 85, Chalinze hadi Segera kama 175, na Segera hadi Tanga mjini kama 75. Kwa mwendo halali, ukihesabu vituo, ni mwendo wa saa 10 hadi 11. Vijijini ni 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo ziko tangu Chamwino. Kibaigwa punguza mapema, malori ya mahindi hutoka na kuingia barabarani bila utaratibu wowote.

Sehemu ya kuangalia ni kuanzia Gairo kushuka hadi Dumila. Unashuka mamia ya mita ukiwa na gari lililojaa, nyuma ya malori. Shuka kwa gia ya tatu au ya pili, injini ishike gari, mguu uguse breki kwa vipindi. Anayeshuka na gia kubwa akikanyaga breki mfululizo huanza kunusa harufu ya bitana za breki zikiungua, na kwenye kona inayofuata kanyagio huwa laini. Ukinusa, simama mahali pa wazi, subiri nusu saa, na usimwagie magurudumu maji. Wapo wanaokatisha Dumila kupitia Turiani hadi Handeni. Ni fupi kwenye ramani, ila kwa mara ya kwanza na gari zito pita Chalinze.

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya bahari. Maliza maji kwenye chupa ya plastiki ukiwa nyumbani, ifunge vizuri, itupe kwenye kiti. Ukifika Tanga utaikuta imebonyea mbavu kama iliyokamatwa na mkono: hewa ya pwani ni nzito zaidi na inaisukuma kutoka nje. Tairi nayo hupata hivyohivyo. Ukijaza 42 (psi, kipimo cha upepo) Dodoma asubuhi, kushuka tu hadi usawa wa bahari kunaiondolea geji karibu 2, na joto linarudisha sehemu. Kwa hiyo usipime tairi likiwa moto Segera ukashtuka. Pima Tanga asubuhi, likiwa limepoa.

Mafuta: ukichukulia kilomita 9 kwa lita, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya huko ni kama lita 155. Jaza Tanga kabla ya kwenda Pangani. Ng'ambo ya mto usitegemee kituo.

Lala Tanga mjini mahali penye uzio na mlinzi. Usijikaze kwenda Pangani usiku. Utafika kivukoni umechoka, na hutaona ulimi wa kivuko, yaani bamba linaloshushwa ili magari yapande, umekaaje.

4. Siku ya pili: Tongoni, Pangani na kivuko

Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi. Karibu kilomita 18 kutoka mjini kuna magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine yenye minara ya mawe. Yape saa moja. Ni mahali pa wafu, mavazi yawe ya heshima na watoto wasipande juu ya makaburi. Una muda, kwa sababu kivuko hutakiwi kukiwahi asubuhi.

Hesabu yenyewe: siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kupwa ni saa 4 jumlisha dakika 100, yaani kama saa 5 na dakika 40. Wakati huo mto umeshuka, kivuko kimekaa chini, na ulimi wake unakutana na gati kwa pembe kali. Hiace yenye kitanda na madumu inakaa chini nyuma. Ikipanda, bampa la nyuma au bomba la moshi linakwangua. Panga kuvuka saa 8 mchana, maji yakiwa yamepanda nusu, na pembe inakuwa nafuu. Saa zilizobaki zitumie Pangani mjini. Mji huu ndipo Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Desemba 1889, na boma la zamani bado limesimama karibu na mto.

Utaratibu wa kivuko, ambacho kinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali:

Panga foleni, zima injini, lipa dirishani na tunza risiti, maana huulizwa. Koki ya mtungi wa gesi ifungwe kabisa. Abiria wote washuke wapande kwa miguu. Ndani anabaki dereva peke yake, mkanda umefunguliwa, kioo kimeshushwa. Wakati wa kupanda mtazame mpangaji wa magari, usiwatazame wapita njia wanaokupungia. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu yote mawili ya mbele yaguse ulimi kwa pamoja. Ukiingia kwa pembe, gurudumu moja hupanda kabla ya lingine, gari linainama na madumu yanahama. Ukishapangwa, vuta breki ya mkono, acha gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, zima. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Usiogelee mdomoni mwa mto hata maji yakionekana yametulia: maji yanapopwa mto wote unakimbilia baharini, na juu zaidi kuna mamba.

Daraja la mita 525 limekuwa likijengwa kuvuka mto huu, sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Uliza Pangani mjini kama magari yameanza kupita. Likifunguliwa, haya ya ulimi hayatakuhusu.

Ng'ambo ni Bweni. Kutoka hapo hadi Ushongo ni kama kilomita 15, njia ya udongo na mchanga, katikati ya minazi na mikonge. Mkonge wa nchi hii uliingilia Pangani mwaka 1893, kwa hiyo unapita mahali ulipoanzia.

5. Kuomba mahali na kuegesha

Ufukwe ni wa watu. Kabla ya kushusha hata kiti, mtafute mwenyekiti wa kijiji au mzee wa karibu. "Shikamoo mzee. Tumetoka Dodoma, ni familia, tunaomba kulala hapa kwa usiku tatu." Atawaonyesha mahali, atawaambia nani alinde na mchango ni kiasi gani. Anayejiegeshea kimyakimya huamshwa saa 6 usiku na sungusungu wenye haki yao. Ukitaka choo na bafu, zipo nyumba za wageni Ushongo zinazopokea watu wa kupiga kambi; kwa mara ya kwanza tunashauri hivyo bila kusita. Kanga au shuka la kujifunga nje ya maji ni lazima kwa wote, kijiji kiko palepale.

Sasa mstari wa maji. Tembea kutoka baharini kwenda juu. Utakuta mkanda wa mwani mkavu, vijiti, vifuu na maganda, umejipanga sambamba na bahari kama uliofagiwa. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Usisimame hapo. Endelea juu, mara nyingi kuna mkanda wa pili, mweupe zaidi, vijiti vyake vimekauka hadi vinavunjika kwa kidole. Huo ndio wa bamvua kubwa. Ukitoka hapo panda hadi mahali majani yanayotambaa yamefunika ardhi, kisha ongeza hatua 15. Mmea wenye mizizi ni shahidi kuwa chumvi haifiki.

Chagua kivuli cha mvinje. Chini ya mnazi usiegeshe na usimlaze mtoto, hata kwa nusu saa. Nazi ikianguka kutoka mita 15 inabonyeza bati, seuze kichwa.

Mlango wa pembeni uelekee upande usio na upepo. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea.

Kama kasa anapanda kutaga, zima taa zote, kaeni kimya, msipige picha zenye mwanga. Mwanga humgeuza arudi baharini bila kutaga, na vifaranga vikianguliwa hufuata taa ya gari wakidhani ni bahari.

6. Mchanga: usishuke, na ukishuka

Hiace isiyo na 4x4 isishuke mchangani kabisa. Dereva wa Dodoma anaona mchanga wa ufukweni, anakumbuka ule wa korongo ambao pikipiki hupita, anaamini. Wa bahari ni mwembamba na wa duara, haushiki uzito. Ukiwa na 4x4 na ulazima wa kushuka, punguza upepo hadi 20. Tairi hulala, nyayo yake inarefuka, na uzito uleule unasambaa mahali papana. Gia ndogo, mwendo mmoja bila kusimama, bila kukata kona kali, na kurudi kabla maji hayajaanza kupanda.

Umenasa? Ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kosa lote liko katika sekunde tano zinazofuata: gurudumu linazunguka, linachimba, na gari linakaa kwa tumbo. Kisha fanya hivi kwa mpangilio.

Shusha watu na madumu. Shusha upepo wa magurudumu yote hadi 18. Chimba mchanga mbele na nyuma ya magurudumu yanayoendesha, na muhimu zaidi, chini ya difu, hadi mkono upite. Lainisha mbele ya gurudumu kama mteremko. Tandika viroba viwili viwili, kimoja juu ya kingine, ukingo wake uingie chini kabisa ya tairi. Kirefu cha kiroba kifuate mwendo wa gari. Zulia la gari halifai, linarushwa nyuma na kuumiza miguu. Gia ya pili, taratibu, watu wasukume kutoka pembeni, asikae mtu nyuma ya gurudumu. Ikihitajika jeki, weka ile mbao nene chini yake, la sivyo jeki ndiyo itakayoshuka. Gari likitoka, lisisimame hadi ardhi ngumu, na jaza upepo kabla ya kwenda mbio: tairi la 18 kwenye lami huchemka na kupasuka.

Maji yakiwa yanapanda na dakika 40 zimepita bila mafanikio, piga kelele za msaada. Vijana kumi wa dikoni, penye kutua ngalawa, watalitoa kwa mikono, na walipeni vizuri.

7. Siku ya tatu na ya nne: kutembea na Maziwe

Kisiwa cha Maziwe kiko baharini mbele ya Ushongo, ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kwa hesabu yetu siku ya tatu kupwa ni saa 6 na nusu mchana, kwa hiyo boti itaondoka asubuhi. Saa ya kuondoka na ya kurudi ni ya nahodha. Kila mtu avae boya tangu ufukweni, ada ya hifadhi ilipwe, na hakuna anayesimama juu ya matumbawe. Huko hakuna kivuli hata cha kiganja: fulana za mikono mirefu, kofia, lita mbili za maji kwa kila mtu.

Siku ya nne tembeeni ufukweni. Maji yamejaa saa 1 asubuhi, kuanzia saa 3 mchanga mgumu umefunguka na unakanyagika kama sakafu. Nendeni dakika 90, mrudi. Kijito cha bahari msikivuke hata kama ni cha magotini. Wakati wa kurudi kinaweza kuwa cha kifuani. Ndani ya maji mafupi vaeni viatu na mburute nyayo badala ya kuzinyanyua: samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, akisikia mtikisiko huondoka, akikanyagwa huchoma. Akichoma, tia mguu katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyounguza, kwa nusu saa au zaidi, kisha zahanati.

Samaki nunueni dikoni ngalawa zinaporudi. Shavu likiwa jekundu na jicho limejaa, ni wa leo. Pikeni siku hiyohiyo. Kutoka nyumbani leteni visivyoharibika: mlenda mkavu, karanga, unga. Kuni za mikoko msikate, ni marufuku. Taka zote ndani ya kiroba hadi Tanga.

Chandarua chenye dawa kila usiku. Dodoma malaria ni chache kuliko pwani, na homa huja wiki moja au mbili baadaye, mmesharudi na mmeshasahau. Mtu akipata homa ndani ya mwezi mmoja, mwambieni daktari kabla hajauliza: tulikuwa Pangani.

8. Siku ya tano: kuvuka tena na chumvi

Kujaa asubuhi hii ni karibu saa 2. Vukeni kati ya saa 2 na saa 4, ulimi ukiwa umelala.

Tanga, kabla ya kuondoka, osha chini ya gari kwa maji baridi yenye presha, bila sabuni kwanza. Anza na matao ya magurudumu, fremu, springi, difu, mabomba ya breki, na nyuma ya bampa ambako mchanga hujificha. Mchanga wenye chumvi hauna haja ya mvua kula bati; unyevu wa usiku mmoja unautosha. Kisha endesha kilomita tano ukigusa breki mara kwa mara ili diski zikauke. Milango ya kuteleza ifunguliwe yote, reli zake zifutwe na kupakwa grisi mpya.

Hapo mnaweza kulala tena Tanga au Morogoro. Kilomita 595 baada ya kivuko na kuosha gari ni nyingi kwa dereva mmoja. Mkifika nyumbani toa godoro, lisimamishe ukutani juani siku nzima, na plaiwudi iachwe wazi. Jua la Dodoma litaikausha kabla ya jioni.